Mozaiki: istilahi na malakiti ya Likasi

Mozaiki ni sanaa ya kufunika ukuta, sakafu au chombo kwa vipande vidogo vya jiwe, kioo au udongo wa kuchoma, vilivyogandishwa kwa chokaa, saruji au gundi hadi vikatoa picha au urembo mmoja. Kwetu Likasi, Katanga, nchini Kongo, neno hili limepitia Kifaransa, na pwani limepitia Kiingereza. Linafaa kubaki, mradi litengwe na jirani zake wawili.

Wa kwanza ni nakshi. Fundi wa nakshi hupunguza: patasi huondoa mbao ya mlango ili ua lijitokeze. Wa pili ni njumu. Fundi wa njumu huchimba mbao akapachika fedha au pembe, na mbao ikabaki ikionekana pembeni. Katika mozaiki, kinachobeba vipande hufichika, na vipande ndivyo vinavyokuwa uso. Kwa kipimo hicho, bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo ya kaburi la Kunduchi, Tanzania, zinakaribia njumu kuliko mozaiki.

Sanaa yenyewe ni kongwe. Huko Uruk, Iraki, zaidi ya miaka 5000 iliyopita, mafundi walichomeka kutani koni za udongo zenye vichwa vya rangi. Wagiriki walipanga kokoto sakafuni, Warumi wakakata vijiwe vya mraba, na mafundi wa Bizanti wakatumia vioo vyenye dhahabu. Kubba ya Mwamba, Yerusalemu, iliyokamilika mwaka 691 au 692, imepambwa hivyo pia. Vioo hivyo vikilazwa kwa mielekeo tofauti, kila kimoja hurudisha mwanga kivyake, na ukuta hubadilika kadiri mtazamaji anavyosogea. Rangi ya brashi haiwezi kufanya hivyo.

Katanga inaleta mtihani mgumu zaidi kwa maana hiyo ya mozaiki. Malakiti, jiwe la kijani la madini ya mukuba, yaani shaba, ni laini kiasi, huvunjika upesi na mara nyingi huwa na matundu. Si rahisi kupata bonge zima la kuchonga kitu kikubwa. Kwa hiyo jiwe hukatwa vipande vyembamba, mistari yake ikalinganishwa, vikabandikwa, nyufa zikajazwa unga wa malakiti uliochanganywa na gundi, kisha kazi nzima ikasuguliwa ing’ae. Warusi walifikisha ufundi huu mbali: Chumba cha Malakiti katika Kasri la Majira ya Baridi, Saint Petersburg, kilipambwa hivyo baada ya moto wa 1837, kwa jiwe la milima ya Ural. Duniani unaitwa mozaiki ya Kirusi. Kasha la malakiti la Katanga lililofunikwa kwa vipande ni la ukoo huohuo.

Je, mozaiki isiyoonyesha maungio ni mozaiki bado? Ndiyo. Kinachoamua ni vipande vilivyounganishwa juu ya kibebeo, viungo vionekane au visionekane. Warumi waliacha mistari ya maungio ionekane; fundi wa malakiti huificha kwa kufuatisha mawimbi ya jiwe.

Kuliita kasha hilo kwa jina lake kuna faida sokoni. Mnunuzi akiambiwa ni jiwe lililochongwa, atatafuta bonge moja na kudhani amedanganywa akiona kiungo. Akiambiwa ni mozaiki, atatazama namna mistari ilivyokutanishwa, na hapo ndipo ustadi wa fundi ulipo na ndipo bei yake inapopaswa kupimwa.