Kabla Ulaya Haijaiita Sanaa, Kitaa Tuliiita Kelele: Stori ya "Sounds of Sisso"

Wadau, nianze kwa kukiri. Mwaka 2017 albamu ya "Sounds of Sisso" ilipotoka, mimi niliyezaliwa na kukulia Dar sikuwa na habari nayo kabisa. Niliisikia kama miaka miwili baadaye kupitia mshkaji wangu anayeishi Ujerumani. Alinitumia linki usiku na maneno machache tu: "Mwanangu, hawa si watu wa kwenu hawa?" Kesho yake nikaifungua nikiwa kwenye daladala. Hata sekunde kumi hazikufika nikacheka kwa sauti, abiria wa pembeni akanigeukia. Mdundo ulikuwa ule ule ulioninyima usingizi nikiwa darasa la saba, siku za kigodoro mtaa wa nyuma, spika zimepangwa barabarani kama matofali na mama anabamiza dirisha huku analaani "muziki wa wahuni".

Kwa ambao hamjawahi kuisikiliza: huu ni mkusanyiko wa singeli uliotoka studio ya Sisso, Mburahati, na kutolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda. (Najua mmecheka. Waganda wanasema neno hilo kwao ni ile hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Sisi na Kiswahili chetu tuna maana yetu, tuiache hapo hapo.) Ndani kuna prodyuza mwenyewe Sisso na vijana waliokuwa wanazunguka studio yake, akina Bamba Pana na Jay Mitta, majina ambayo wakati ule hata redioni usingeyasikia.

Sasa watu wa nje walipoidaka walishangaa kitu kimoja tu: spidi. Na kweli, spidi ni ya hatari. Muziki wa hausi unaochezwa klabu huwa unatembea kwenye midundo 120 hadi 130 kwa dakika. Singeli inaanzia 200 na kuna ngoma zinagonga 300. Ulaya wakaanza kuifananisha na muziki wao wa kasi wa Uholanzi na vitu vya Chicago, kana kwamba vijana wa Mburahati walikuwa wamekaa wanasikiliza Rotterdam. Jamani! Ile kasi ina wazazi wake, na wazazi wenyewe wako hapa hapa Uswahilini.

Mzazi wa kwanza ni mchiriku, wengine wanaita mnanda. Miaka ya 1990, vijana wa Dar walichukua ngoma za sherehe za Wazaramo wakazichanganya na kinanda kidogo cha Casio, vile vya bei ya kutupa ambavyo kwingine ni mdaruba wa mtoto. Wakaunganisha na vipaza sauti vya tarumbeta kama vya msikitini, sauti ikatoka imekwaruza, na ule mkwaruzo wenyewe ukawa ndio utamu. Jagwa Music ya Mwananyamala ilianza mwaka 1992 na mtindo huo, na albamu yao "Bongo Hotheads" ilitoka Ulaya mwaka 2012. Kwa hiyo hata hii habari ya muziki wa uswazi kupandishwa ndege haikuanzia kwa Sisso.

Mzazi wa pili ni taarabu, ile ya kisasa, ya kinanda na mipasho. Madijei wa vigodoro waligundua kwamba watu wanapagawa zaidi pale mwanzoni, kabla mwimbaji hajaanza, kinanda kikiwa kinacheza peke yake. Basi wakakikata kile kipande, wakakizungusha bila kukoma, wakakiongezea kasi mpaka kikawa kitu kingine, halafu mtu akashika maiki akaanza kuchana juu yake. Baadaye zikaja kompyuta na programu za kutengenezea biti, kijana wa miaka kumi na sita akaweza kutoa ngoma chumbani kwao, feni inazunguka na umeme unakatika.

Sikiliza "Sounds of Sisso" ukiwa na hiyo picha kichwani na utaona albamu nyingine kabisa. Utasikia vinanda vyembamba vinavyolia kama king'ora cha muuza aiskrimu aliyechanganyikiwa. Chini yake kuna ngoma za mkono zinazotembea mwendo wa segere na vanga, na juu yake mchanaji anayetema maneno bila kuvuta pumzi. Hakuna aliyekaa chini akasema "leo tuchanganye mitindo". Vyote vilikuwa vimeshachanganyika mtaani, kwenye harusi, kwenye unyago, kwenye kumtoa mwali nje. Studio ilichofanya ni kurekodi.

Kinachoniuma kidogo ni maneno. Msikilizaji wa Berlin anapata mdundo, anakosa nusu ya chakula. Mchanaji wa singeli anaongelea kodi ya nyumba, polisi, mama aliyemlea peke yake, rafiki aliyemgeuka. Katikati ya vurugu lote lile kuna mtu analia shida zake, na wanaomwelewa ni sisi, ambao ndio tuliokuwa tunafunga madirisha.

Na tusidanganyane, siyo albamu ya kusikiliza mwanzo mwisho ukiwa umekaa. Ukifika katikati masikio yanachoka, na kuna sehemu sauti ya mchanaji inazama kabisa kwenye biti. Muziki huu umetengenezwa kwa ajili ya spika kubwa, vumbi na watu mia mbili. Kwenye spika za masikioni ni kama kula ubwabwa wa shughuli ukiwa peke yako.

Tukumbuke pia hali ilivyokuwa nyumbani. Msaga Sumu alikuwa ameshaitwa mfalme wa singeli kitambo, na mwaka 2016 mlango ulikuwa umeshafunguka: Man Fongo alitikisa na "Hainaga Ushemeji", Profesa Jay akamchukua Sholo Mwamba kwenye "Kazi Kazi", na ghafla waliokuwa wanabana pua wakaanza kucheza. Lakini waliopanda ni waimbaji. Mtengeneza biti alibaki nyuma ya pazia. Kwenye kigodoro ulikuwa unajua jina la mchanaji kwa sababu anajitaja kila baada ya mistari miwili. Aliyepika ule mdundo ni nani? Hakuna aliyeuliza. Ngoma ilihama kutoka simu hadi simu, kutoka flashi hadi flashi, bila jina la mtu.

Kwangu mimi hapo ndipo albamu hii ilipogeuza meza. Prodyuza akawekwa mbele, jina la studio ya Mburahati likapigwa kwenye jalada. Mwaka uliofuata Bamba Pana akatoa "Poaa" na Jay Mitta akatoa "Tatizo Pesa", kila mmoja kwa jina lake. Mwaka 2019 Duke wa Pamoja Records akaja na "Uingizaji Hewa". Mwaka 2022 DJ Travella akaleta "Mr Mixondo", na mwaka 2024 Sisso mwenyewe akarudi na Maiko kwenye "Singeli Ya Maajabu". Vijana waliokuwa wakifukuzwa na mwenye nyumba kwa kelele wakawa wanapiga kwenye matamasha ya Ulaya.

Ila kuna deni halijalipwa. Mwaka jana nilimwekea mama albamu hii jikoni, nikitegemea atanitoa mbio. Alisikiliza huku anachambua mchele, uso umekunjwa. Nyimbo kadhaa zikapita. Mara mkono ukasimama.

"Hebu rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Hicho kinanda nakijua. Hiyo ni taarabu ile, tuliichezea siku ya kumtoa shangazi yako." Akaanza kuiimba polepole, kwa mwendo wake wa zamani, juu ya ule mdundo unaokimbia kama umeibiwa. Vikashikana. Sikuamini.

Kisha akaniuliza aliyepiga kile kinanda ni nani, kwamba yeye alikuwa akimkumbuka mwimbaji tu. Nikashika simu, nikatafuta kila mahali mpaka chai ikapoa. Sikupata jina. Mama akarudi kwenye mchele wake na kusema, "Basi rudisha tena."