Jeni iliyowakinga wahenga na malale yahusishwa na maradhi ya figo

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MKAZI wa Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga ulipo uwanja wa ndege, anapoambiwa hospitalini kuwa figo zake zimeharibika, kwa kawaida huelezwa kuwa chanzo ni shinikizo la damu lililokaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa. Mara nyingi maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, utafiti wa vinasaba uliofanyika tangu mwaka 2010 umebainisha kuwa kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika mambo huanza kinyume: figo hutangulia kuugua, na presha hufuata.

Jeni inayotajwa zaidi ni APOL1. Binadamu huirithi katika nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hutengeneza protini inayosafiri katika damu ikiwa imeshikamana na lehemu ile ambayo madaktari wa moyo huiita lehemu nzuri. Kazi ya protini hiyo ni kuua vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Ndiyo mojawapo ya sababu za nagana kuangamiza ng'ombe huku mchungaji wake akibaki salama. Kimelea cha malale cha Afrika Mashariki, hata hivyo, kina silaha yake ya kuizima protini hiyo, na hapo ndipo binadamu huugua.

Historia hiyo haiko mbali na Ibadakuli. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulithibitishwa Maswa, na katika miaka iliyofuata Old Shinyanga, iliyo ndani ya manispaa hiyo hiyo, ikawa makao makuu ya utafiti wa mbung'o katika Tanganyika chini ya Mwingereza C. F. M. Swynnerton. Maelfu ya Wasukuma waliitwa na watemi wao kufyeka vichaka ili wadudu hao wakose makazi. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini aina moja ya mbung'o wa ukanda huo, Glossina swynnertoni, bado inabeba jina lake.

Kabla ya panga na shoka, maumbile yalikuwa yameshaanza kupigana kwa njia yake. Maelfu ya miaka iliyopita yalizuka barani Afrika mabadiliko mawili ya jeni hiyo, ambayo wanasayansi huyaita G1 na G2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa nchini Uganda wenye G2, hata nakala moja tu, walikuwa na uwezekano wa kupata malale uliopungua takriban mara tano.

Kinga hiyo ina gharama. Mwaka 2010 jopo la watafiti wakiwamo Giulio Genovese na Martin Pollak lilitangaza katika jarida la Science kwamba Wamarekani weusi waliorithi mabadiliko hayo kwa baba na kwa mama walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kazi. Wengi wao walikuwa wakihesabiwa kama watu walioharibiwa figo na presha. Utafiti mwingine, uliohusisha watu 8,355 wa Ghana na Nigeria na kuchapishwa mwaka 2024, ulikuta takriban watu watatu katika kila 10 wana nakala mbili, na hatari yao ya ugonjwa sugu wa figo imeongezeka kwa asilimia 25. Si kila mwenye nakala hizo huugua. Wengi huishi hadi uzeeni salama. Mara nyingi huhitajika kichocheo kingine, kama vile virusi vya Ukimwi.

Takwimu hizo haziwezi kuhamishiwa Shinyanga jinsi zilivyo, kwani G1 ni adimu zaidi Afrika Mashariki kuliko Magharibi. Mwaka 2021 Segun Fatumo na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya figo wa watu 3,288 wa Uganda, wa kwanza wa aina yake kwa Waafrika waishio barani. Idadi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na mamia kwa maelfu ya Wazungu waliokwisha kupimwa.

Kwa kutumia kundi hilo kubwa la Wazungu, wataalamu wamejaribu kutenganisha sababu na matokeo. Hoja yao ni nyepesi: mtu hupewa jeni zake tumboni mwa mama, kabla hajaonja chumvi wala sigara. Basi waliorithi presha ya juu wakionekana kuugua figo zaidi, presha ndiyo ya kulaumiwa. Utafiti wa mwaka 2020 ulithibitisha kuwa udhaifu wa figo hupandisha presha, lakini haukuweza kuthibitisha kinyume chake. Mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2022, ukaona kwamba presha nayo huongeza hatari ya ugonjwa wa figo.

Nchini Tanzania, uchunguzi wa Moshi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, mjini asilimia 15.2 na vijijini 2.0. Karibu nusu ya wagonjwa hawakuwa na presha, kisukari wala virusi vya Ukimwi. Jeni peke yake haiwezi kubeba lawama yote: katika ukanda wa Geita, kwa mfano, wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, nayo hudhuru figo.

Dawa inayoizima protini hiyo mbaya, inaxaplin, ilipunguza protini katika mkojo wa wagonjwa wachache kwa karibu nusu baada ya wiki 13, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2023. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017. Kwa asiyeupata, kusafisha damu huhitajika kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na kutoka Ibadakuli hadi Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 150.

Kipimo cha protini katika mkojo hutumia kijiti cha karatasi na dakika chache. Mwenye presha aliyepimwa mkono tu, hasa ikiwa ndugu yake wa damu aliugua figo, anayo haki ya kukiomba.