Kikantoni cha Gavana

Wahakiki wetu wamezoea kusema kwamba mkoloni aliidharau lugha ya mtawaliwa. Kwa Hong Kong nadai kauli hiyo haitoshi. Kule mkoloni aliisoma, tena kwa kulazimishwa na mwajiri wake.

Chanzo ni hofu. Waingereza waliitwaa Hong Kong mwaka 1841, na kwa miaka ishirini serikali ikawategemea wakalimani wachache. Mmoja wao, Daniel Caldwell, alishutumiwa kuwa na ubia na maharamia. Sasa nani amchunguze, na masikio ya serikali ni yeye? Ndipo Gavana Hercules Robinson alipoanzisha mpango wa makadeti. Watatu wa kwanza walifika 1862. Kabla ya kupewa madaraka walitakiwa wakae na mwalimu wa Kichina, kisha wapasi mtihani. (Maofisa wa Tanganyika nao walikuja kubanwa na mtihani wa Kiswahili, kwa hiyo mchezo huu tunaujua.)

Anayenishughulisha zaidi ni Cecil Clementi, kadeti wa 1899. Huyu hakuishia kwenye cheti. Mwaka 1904 alichapisha huko Oxford tafsiri ya nyimbo za mapenzi za Kikantoni za Zhao Ziyong, zilizotoka mara ya kwanza 1828: vilio vya wanawake wa mashua za starehe, kwa lugha iliyojaa maneno ya mitaani. Mtu hajitwishi mzigo kama huo kwa ajili ya mshahara tu. Mapenzi yake kwa fasihi ile nayakubali.

Lakini hebu tumfuate hadi 1925, anaporudi akiwa gavana, mgomo mkubwa wa Canton na Hong Kong umepamba moto na vijana wanasoma maandishi ya kimapinduzi. Clementi anafanya nini? Anahimiza elimu ya Kichina ya kale! Mwaka 1927 idara ya Kichina ikaanzishwa Chuo Kikuu cha Hong Kong, naye akaipigia debe kwa hotuba ya Kikantoni. Lu Xun, mwandishi aliyekuwa Canton wakati huo, aliinukuu hotuba hiyo kwa kejeli. Naona alimshika pabaya: ukale ule ulikuwa dawa ya usingizi, na aliyeichanganya aliijua vizuri mitishamba yake.

Kichina chenyewe kilitambuliwa kisheria kuwa lugha rasmi ya Hong Kong mwaka 1974, miaka 112 baada ya makadeti wale kutua.