Mgambo na Mzinga: Historia ya Ulinzi katika Msamiati

Gharama za ulinzi wa Tanzania zimeacha alama katika maneno mawili ya kale. Mgambo lilikuwa tangazo la kuwakusanya watu kwa mbiu. Mzinga ulikuwa gogo lililotobolewa ili nyuki waweke asali, kisha likawa pia jina la silaha kubwa.

Baada ya maasi ya Januari 1964, jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza lilivunjwa, na Septemba likaundwa Jeshi la Wananchi. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971, Mwongozo wa TANU wa mwaka huohuo ulisisitiza ulinzi wa umma. Mgambo sasa akawa mtu, na neno likachukua upatanisho wa viumbe hai. Katika muongo huo, kwa msaada wa China, kiwanda cha risasi kiitwacho Mzinga kilijengwa Morogoro, mkoa uleule ambamo Kilangali na vijiji vingine vya Kilosa huishi kwa jembe.

Vita vya Kagera vya 1978–1979 viligharimu takriban dola milioni 500. Mkulima alilipa mara mbili: alimtoa kijana wake mgambo, kisha akaambiwa afunge mkanda kwa miezi 18. Sabuni na sukari ziliadimika kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Biashara ilipolegezwa masharti, kampuni binafsi za ulinzi zilistawi, na mafunzo ya mgambo yakawa sifa ya kuombea kazi. Mbiu iliyowaita wote sasa humwajiri mmoja amlinde mwenye mali.