Mlinganyo wa vipeuo: kutoka Baghdad hadi madarasa ya Kericho na Bomet

Watahiniwa wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kuhitimu sekondari nchini Kenya, wanatarajiwa kuufanya mwaka 2027. Kabla ya hapo, walimu wa kidato cha tatu kuanzia Litein hadi Sotik bado wanafundisha mada ya vipeuo, na ubaoni huenda ukakuta mlinganyo kama huu: √(x + 6) = x.

Mstari huo mfupi ulichukua karne nyingi kufikia umbo hilo. Mwanahisabati Al-Khwarizmi alipotunga kitabu chake cha aljebra Baghdad, karibu mwaka 820, alieleza kila hatua kwa maneno matupu. Alama ya kipeuo ilichapishwa na Mjerumani Christoff Rudolff mwaka 1525. Robert Recorde wa Wales akaleta alama ya usawa mwaka 1557, na mwaka 1637 René Descartes akatumia mstari unaofunika namba zilizo ndani ya kipeuo.

Alama hizo zilifika pia katika nyanda za juu za Kericho, ambako shule na chai vilikua pamoja. Shule ya serikali ya Kabianga ilianzishwa mwaka 1925, katika miaka ambayo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikifungua mashamba yao makubwa ya chai. Mitihani ya sekondari ilitoka Cambridge, kisha Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki likaundwa mwaka 1967, na Baraza la Taifa la Mitihani la Kenya (KNEC) mwaka 1980.

Enzi hizo kipeuo kilitafutwa katika kitabu cha majedwali. Chukua ekari moja ya chai, takriban mita za mraba 4,047. Kama shamba ni mraba, upande wake ni kipeuo cha pili cha 4,047. Mwanafunzi aliandika 40.47 × 10², akafungua jedwali la namba za 10 hadi 100, akasoma 6.362, kisha akazidisha kwa 10: mita 63.62. Aliyefungua jedwali la 1 hadi 10 alisoma 2.012 na kupata mita 20 hivi. Kosa hilo lilijifichua mara moja kwa aliyezoea kujiuliza: 20 mara 20 ni 400 tu, ekari iko wapi?

Mitaala nayo ilipokezana. Mwaka 1962 wataalamu kutoka Afrika na ng'ambo walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, iliyotilia mkazo seti na muundo wa namba. Kenya iliifuata hadi Rais Daniel arap Moi alipoifuta mwaka 1981. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaanza mwaka 1985, na KCSE ya kwanza ikafanywa mwaka 1989. Baadaye vikokotoo vikaruhusiwa katika chumba cha mtihani, ingawa yapo maswali yanayomtaka mtahiniwa ajibu bila kikokotoo wala majedwali.

Lakini hakuna chombo kilichoondoa mtego wa mlinganyo wenyewe. Ili kuondoa kipeuo, tunapandisha pande zote mbili kwa kipeo cha pili: x + 6 = x², yaani x² − x − 6 = 0. Majibu ni 3 na −2. Rudisha 3 mwanzoni: kipeuo cha 9 ni 3, sawa. Rudisha −2: kipeuo cha 4 ni 2, si −2. Jibu hilo ni bandia. Limepenya kwa sababu 2 na −2, zikipandishwa kwa kipeo cha pili, zote huwa 4. Hatua iliyotusaidia ndiyo iliyofuta tofauti ya ishara.

Kwa hiyo kuhakiki ni sehemu ya kukokotoa, na mwanafunzi anayeishia kwenye majibu mawili hajamaliza kazi. Alifundishwa hivyo aliyeshika majedwali, na anahitaji kufundishwa hivyo aliyeshika kikokotoo, kwa maana mashine humpa namba tu, haimwambii kama inalifaa swali. Mtaala mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4 unapoingia katika sekondari za Kericho na Bomet, hatua hii ya mwisho ipewe muda darasani na alama katika mtihani.