Pazia la Nyuma ya Orkesta: Kitambaa cha Bei Nafuu kutoka Merikani hadi Bashi

Wataalamu wa muziki wa dansi wamekwisha kuandika mengi juu ya magitaa, juu ya tungo na juu ya majina ya waimbaji. Juu ya kitambaa kinachotundikwa nyuma yao si mengi yaliyoandikwa. Jambo hili halishangazi, maana kitambaa hakisikiki katika santuri. Lakini mtu anayetaka kujua habari za orkesta ndogo za baa, zile ambazo hazikupata kurekodi hata wimbo mmoja, hana budi kutafuta ushahidi mahali pengine. Nasi twadai katika makala haya kwamba pazia la nyuma ni shahidi mmojawapo, na kwamba ni shahidi anayepotea haraka.

Kwa “pazia la nyuma” tunakusudia kitambaa kilichochorwa au kuandikwa, kinachofungwa ukutani au baina ya miti miwili nyuma ya wapigaji. Huku kwetu Kivu watu husema dekori. Kama kina maandishi matupu, husema kaliko. Maneno yote mawili yametujia kwa njia ya Kifaransa, ila la pili lina safari ndefu zaidi: ndani yake limo jina la mji wa Calicut, katika pwani ya magharibi ya India, ambao vitambaa vyake vya pamba vilijulikana Ulaya karne nyingi kabla ya Kongo kuwa koloni. Anayetamka kaliko huko Nyangezi, kilomita chache kusini mwa Bukavu katika barabara iteremkayo Kamanyola na Uvira, anataja bandari ya Bahari ya Hindi pasipo kujua.

Kwanza tujiulize kwa nini orkesta maskini ijishughulishe na pazia. Umaskini wa orkesta ya baa ni wa namna ya pekee: aghalabu ala si zake. Magitaa, vikuza sauti na ngoma ni mali ya mwenye baa au ya shirika linalowaajiri wapigaji. Hata jina mara nyingi si lao. OK Jazz, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, ilipata jina lake kutoka O.K. Bar ya Oscar Kashama. Mjini Dar es Salaam, orkesta ya Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, ikapita mikononi mwa DDC mwaka 1983. Jina likabaki lile la mahali pa starehe. Mwaka 1985 baadhi ya wapigaji wake mashuhuri walihamia International Orchestra Safari Sound. Katika mfumo wa namna hiyo, mwanamuziki anayehama huondoka na sauti yake na vidole vyake tu.

Kabla ya pazia, jina la orkesta liliandikwa kwenye ngozi ya ngoma kubwa ya miguuni, kama zinavyoonyesha picha nyingi za miaka ya 1950 na 1960. Ni njia rahisi kuliko zote, kwani rangi kidogo yatosha. Tatizo ni kwamba ngoma ya mwenye baa hubaki kwa mwenye baa, na jina likabaki nayo. Kitambaa hukunjwa kikatiwa kwapani. Kwa maoni yetu ndicho chombo cha kwanza ambacho orkesta ya baa iliweza kukinunua kwa michango ya wapigaji wenyewe na kukiita chake, na hapa ndipo ulipo uzito wa historia yake. Gharama nafuu ilikuwa sharti la uhuru.

Je, nafuu ilipatikana wapi? Jibu hubadilika kufuatana na zama, kwa kuwa kila kizazi kilichora juu ya kile ambacho biashara ya wakati wake ilikileta kwa wingi.

Katika karne ya 19 kitambaa cha wingi kilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, walikifikisha Unguja kwa shehena kubwa, na misafara ikakichukua bara kama fedha. Burton na Speke, walipofika Uvira mwaka 1858, walikuwa wakilipa njiani kwa vitambaa na shanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipunguza pamba hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaingia mahali pake, lakini jina merikani likadumu. Hatudai kwamba misafara ilikuwa na jukwaa! Tunachosema ni kwamba merikani iliacha kipimo. Doti ni mikono minane, yaani yadi nne, kwa upana wa kama yadi moja. Ukishona doti tatu ubavu kwa ubavu unapata kitambaa cha mita 3.6 kwa mita 2.7. Ni upana wa kuwafunika nyuma wapigaji wanne waliosimama, na kimo cha ukuta wa baa ya kawaida. Kila mshonaji aliyezoea kanga na shuka aweza kulikadiria pazia bila futi.

Kitambaa kilichofuata hakikununuliwa kama kitambaa: kilikuwa gunia la unga. Neno lenyewe, gunia, lilitoka India pamoja na kifaa chake. Katika miji ya migodi ya Katanga gunia la pamba, likisha kumwagwa unga, lilifumuliwa mshono, likafuliwa, likakazwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa rangi nyeupe ili kuficha alama ya kinu. Ndivyo walivyofanya wachoraji wa Lubumbashi, na anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimwuzia Johannes Fabian mfululizo wa picha mia moja na moja za historia ya nchi yake, akamweleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga. Picha na mazungumzo hayo vilichapishwa kitabuni mwaka 1996. Msomaji wa jarida hili atakumbuka neno ambalo Fabian na Ilona Szombati-Fabian walilikuta vinywani mwa wenye picha, nao wakalitia katika makala yao ya mwaka 1976: ukumbusho. Kwa matumizi hayo ukumbusho ni kitu kinachomlazimisha mtazamaji kukumbuka na kusimulia, kikiwa kimetundikwa sebuleni mbele ya wageni.

Hapa yafaa tutofautishe. Picha ya sebuleni ni ndogo, haifiki nusu ya mita ya mraba, na gunia moja laweza kutoa zaidi ya picha moja. Pazia la doti tatu ni karibu mita kumi za mraba, yaani magunia kama kumi ya kawaida. Picha ya sebuleni hutazamwa kwa karibu na watu wanaozungumza. Pazia hutazamwa kwa mbali, usiku, na watu wanaocheza, wengine chupa mkononi. Hata hivyo mkono unaochora vyote viwili mara nyingi ni mmoja. Chéri Samba alijifunza kazi kwa waandikaji wa mabango ya matangazo Kinshasa, kisha akafungua karakana yake mwaka 1975. Anayeandika “Kinyozi” leo ataandika jina la orkesta kesho kwa brashi ileile na kwa rangi iliyobaki. Kwa hiyo historia ya pazia haiwezi kutenganishwa na ile ya vibao vya barabarani, ingawa wenye makumbusho wanapendelea kuanza na picha zenye fremu.

Magunia ya pamba yalitoweka pole pole pale magunia ya plastiki iliyofumwa yalipoyashinda kwa bei na uimara. Gunia la plastiki halinywi rangi: hukauka juu yake kama ganda, na ukilikunja mara mbili ganda linabanduka. Wachoraji wakarudi kwenye shuka za kitanda, hasa zile kuukuu. Na shuka la kitanda lina nasaba tukufu katika kazi hii. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake ya picha Bamako mwaka 1948, alieleza kwamba pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, na kwamba baadaye alibadili pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwa njia hiyo aliweza, miaka mingi baadaye, kukadiria tarehe ya picha zake kwa kutazama kitambaa kilichokuwa nyuma ya mteja.

Mtafiti wa muziki wa Kivu angefaidika sana na ustadi huo. Picha za orkesta zetu zilizosalia katika albamu za familia mara nyingi hazina tarehe, na wapigaji wenyewe walihama mno: Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikwisha kupiga katika bendi kadhaa kabla ya kufika Dar es Salaam mwaka 1978. Sura za watu na mavazi yao huazimwa, magitaa vilevile. Pazia ni la orkesta moja kwa muda fulani. Likiwa na jina la zamani chini ya rangi mpya, laweza kutueleza kama ni la kabla au baada ya Oktoba 1971, nchi ilipoitwa Zaire na majina ya kigeni yakaanza kupigwa vita.

Kisha lilikuja bashi. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu, na pamoja nao maturubai ya plastiki ya Umoja wa Mataifa. Turubai ni neno lililotoka Kiingereza. Sisi tulichukua la Kifaransa, bashi, ambalo kwa bahati linafanana kabisa na jina la wenyeji wa Bushi, na wanafunzi hawachoki kulifanyia mzaha. Kambi zilivunjwa mwishoni mwa mwaka 1996, lakini bashi hazikwisha: zikawa paa, zikawa mikeka ya kuanikia mihogo, zikawa kuta za baa na, bila shaka, pazia. Bashi ya kawaida ya wakimbizi ina mita nne kwa tano, na ukiikata mara mbili unapata mapazia mawili bila mshono wowote. Hakuna kitambaa kilichopata kuwa rahisi kuliko hiki. Lakini wapigaji hawakupenda kusimama mbele yake, nasi twawaelewa. Kwanza inang'aa, na taa ikimulikwa juu yake, nyuso za waimbaji huwa nyeusi tupu. Pili, alama ya shirika haifutiki. Tatu, na hili ndilo zito, kila mtazamaji alijua ilitoka wapi na ni nani aliyelala chini yake.

Mshindani wa bashi ni bango la bia. Kampuni za bia, Bralima na Bracongo, zilishindana vikali katika miaka ya 2000 kuwafadhili wanamuziki wa Kinshasa, na bango lao la plastiki lililochapishwa kwa mashine liliifikia hata baa ya kijijini. Ni bure, lina rangi nzuri, halichuji. Jina la bia huwa kubwa, na orkesta hupewa nafasi ya kujiandika pembeni, ikiwa ipo. Hivyo wapigaji wakarudishwa pale walipoanzia, kwenye ngozi ya ngoma isiyo yao. Tena mfadhili naye huondoka. Mwaka 2025, baada ya Bukavu kutwaliwa na M23 mwezi Februari, Heineken, mwenye hisa kubwa katika Bralima, ilitangaza kwamba haikuwa tena na usimamizi wa shughuli zake za Goma na Bukavu. Bia ya ndizi, kasiksi, inaendelea kupikwa vijijini kama kabla ya viwanda, ila mpishi wa kasiksi hachapishi mabango.

Ndiyo sababu pazia la kushonwa linastahili kuelezwa jinsi linavyofanyika, kabla ujuzi haujapotea. Katika baa moja ya Nyangezi tulionyeshwa moja lililotengenezwa kwa shuka tatu kuukuu. Zilishonwa kwa mshono bapa, zikafuliwa, kisha zikapakwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo, zikiwa zimekazwa baina ya mianzi miwili. Wanga hufunga vinyweleo vya nyuzi. Bila wanga, kitambaa hunywa kopo zima la rangi, na rangi ndiyo ghali. Ukizidi, kitambaa hupasuka mikunjoni, na mende hupenda uji. Ardhi ya picha ilikuwa buluu iliyokolezwa kwa masizi, haikuwa nyeupe; mchoraji alisema kwamba ukiweka nyuma giza, nyuso zinatoka. Jina la orkesta lilikuwa juu ya vichwa vya wapigaji, kwa kuwa herufi zilizo chini ya mabega hazisomeki pindi watu wakisimama. Mwanzi wa chini uliachwa ndani ya pindo ili uzito wake unyooshe kitambaa na upepo usikitikise, na wakati wa kuhama kitambaa kilizungushwa juu yake badala ya kukunjwa.

Mtafiti atakayepewa pazia kuukuu na alitazame kwanza upande wa nyuma. Hapo alama ya kinu cha unga huonekana bado chini ya chokaa, pamoja na uzito wa gunia na mahali unga uliposagwa. Hapo mshono huonyesha kama ulishonwa kwa mkono au kwa cherehani. Hapo rangi ya jina la kwanza imepenya nyuzi, hata kama upande wa mbele limefunikwa mara tatu. Na mapazia yenyewe, kwa kadiri tulivyoona, yanapatikana zaidi majikoni kuliko kwa wapigaji, yakiwa yamekatwa vipande vya kubebea makaa.