Moto wa Triangle: Mlango uliofungwa na kesi iliyowaachia matajiri

Kila Machi 25, katika mitaa ya New York, watu huinama kwenye njia za waenda kwa miguu wakiwa na chaki mkononi. Mbele ya nyumba fulani huandika jina, umri na mwaka 1911, wapitao wajue kwamba aliyeishi hapo alikufa katika moto wa kiwanda cha Triangle. Majina yote ni 146. Wanawake na wasichana ni 123, wengi wao wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano. Wadogo kabisa walikuwa na miaka 14.

Kumbukumbu ya kudumu kwenye ukuta wa jengo la kiwanda ilizinduliwa Oktoba 11, 2023, miaka 112 baada ya mkasa. Jengo lenyewe lipo. Lilisifiwa kwamba haliungui, na kweli halikuungua. Waliungua waliokuwa ndani. Leo ni mali ya Chuo Kikuu cha New York, na lina maabara za wanafunzi.

Kiwanda kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Matajiri wake, Max Blanck na Isaac Harris, nao walikuwa wahamiaji waliopanda kutoka kwenye cherehani hadi kuitwa wafalme wa blauzi. Mwaka 1909 washonaji wapatao 20,000 wa jiji hilo waligoma. Viwanda vingi vilikubali chama cha wafanyakazi, Triangle ikakataa.

Jumamosi ile ya mwaka 1911, saa 10:40 jioni, moto ulianza ghorofa ya 8 katika pipa la vipande vya vitambaa chini ya meza ya wakataji. Ghorofa ya 10, walikokuwa matajiri, ilipigiwa simu. Ya 9 haikuambiwa. Blanck na Harris wakaokoka kwa kupitia juu ya paa. Wasichana wa ghorofa ya 9 waliukimbilia mlango wa upande wa Washington Place wakaukuta umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa matajiri walitaka wafanyakazi watoke kwa mlango mmoja tu, wapekuliwe mikoba wasije wakaiba blauzi. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6. Zaidi ya 50 walijirusha au walianguka kutoka juu. Katika muda wa nusu saa yote yalikuwa yamekwisha.

Hayo husimuliwa kila mwaka. Kesi iliyofuata husimuliwa kwa nadra, na huenda ingesahaulika kabisa kama si mwandishi wa habari David Von Drehle, aliyetoa kitabu kuhusu mkasa huo mwaka 2003. Kumbukumbu rasmi za kesi zilikuwa zimepotea. Yeye alizipata katika maktaba ya mawakili, kwenye nakala za wakili wa utetezi mwenyewe, Max Steuer.

Steuer alikuwa mhamiaji pia, aliyewahi kufanya kazi za ushonaji utotoni. Kufikia Desemba 1911 alikuwa miongoni mwa mawakili ghali kuliko wote jijini. Mashtaka ya kuua bila kukusudia dhidi ya Blanck na Harris yalihusu kifo cha msichana mmoja, Margaret Schwartz, na shahidi mkuu alikuwa mfanyakazi mwenzake, Kate Alterman, aliyemwona Margaret akiwa mlangoni, moto umekwisha kushika nguo zake.

Kate alieleza yote. Steuer hakumkaripia wala hakumpinga. Alimwomba tu, kwa upole, aeleze tena. Akaeleza. Akamwomba tena. Kila mara maneno yalirudi karibu yaleyale, na mifano ileile ya pazia la moto na ya mtu aliyehangaika kama paka-mwitu. Ndipo wakili akawaonyesha wajumbe wa jopo la kuamua kesi kwamba msichana huyu amefundishwa, amekariri. Lakini Kate hakuzaliwa na Kiingereza. Mtu anayesema kwa lugha ya ugenini kuhusu saa mbaya kuliko zote maishani mwake hushika maneno machache aliyonayo, asiyaachie. Yeyote aliyewahi kumwona mnyonge kizimbani akihangaika na lugha ya mahakama anajua jambo hilo.

Harris naye alihojiwa kuhusu wizi uliofanya milango ifungwe. Alikiri kwamba thamani ya vyote vilivyoibwa haikuzidi dola 25.

Jaji Thomas Crain aliwaambia wajumbe kwamba haitoshi mlango kuwa ulifungwa. Ni lazima waridhike kuwa washtakiwa walijua umefungwa wakati uleule. Desemba 27, baada ya chini ya saa mbili, jopo liliwaachia huru. Mwaka 1914 kesi za madai zilimalizwa kwa fidia ya dola 75 kwa kila marehemu ambaye jamaa zake walidai. Bima ilikuwa imewalipa matajiri zaidi ya hasara yao. Na mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena kwa kufunga mlango wa kiwanda saa za kazi. Faini ilikuwa dola 20.

Haki iliyoshindikana mahakamani ilitafutwa bungeni. Jimbo la New York liliunda tume ya kukagua viwanda chini ya wabunge Robert Wagner na Al Smith, na kufikia 1914 sheria zaidi ya 30 zilikuwa zimepita, kuhusu milango, mazoezi ya moto, vyoo na saa za kazi. Frances Perkins, aliyeshuhudia wasichana wakianguka, aliifanyia tume hiyo kazi. Mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani.

Kisha ushonaji wa nguo ukahamia mbali. Mwaka 2012 zaidi ya watu 250 walikufa kiwandani Karachi, wengi wakikwama nyuma ya njia zilizofungwa. Mwaka uliofuata kuporomoka kwa jengo la viwanda la Rana Plaza, Bangladesh, kuliua zaidi ya 1,100. Athi River nchini Kenya nako kuna wanaoshona nguo za kupelekwa Marekani, na milango yao inastahili kukaguliwa kabla ya mazishi, si baada yake.

Kwenye ile kumbukumbu ya ukutani, Manhattan, majina yamekatwa katika chuma, la Margaret Schwartz likiwamo. Habari za moto huo zimeandikwa kwa Kiingereza, Kiitaliano na Kiyidi.